Safari Ishirini na Nne za Mama Hannah

Ijumaa, tarehe 29 Julai 2016, saa nne na dakika kumi asubuhi, Jerusha alishuka ngazi za jengo moja la ghorofa nne mtaani Malaz, jijini Riyadh. Mkono mmoja ulishika mfuko wa taka, wa pili ulishika simu. Ndani ya mfuko hamkuwa na kitu ila maganda mawili ya yai. Zacharia, mlinzi wa lango, aliutazama mfuko ule akaguna. Miaka minne kwenye kiti cha plastiki ilikuwa imemfundisha jambo moja: taka za mtu zikiwa nyepesi, shida yake ni nzito.

"Afande," Jerusha alianza.

"Mimi si afande. Mimi ni haris. Nafungua geti, nafunga geti. Halas, basi."

"Wamefunga kadi ya mama."

Zacharia alifumba macho. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mwezi wake wa kwanza Riyadh aliwaambia Wakenya wenzake kwamba kule nyumbani alikuwa koplo wa upelelezi kwa miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo hakupumua. Simu ikipotea, Zacharia. Mume akinyamaza Kakamega, Zacharia. Juzi mtu alimpigia kutoka Dammam kumuuliza nani alimwibia mbuzi wa babake.

"Kadi gani?" aliuliza, huku akijichukia kwa kuuliza.

"Ya bima. Ile ya majaribio." Jerusha aliketi kwenye kizingiti. Macho yalikuwa yamevimba. "Wanasema mama ameuza safari zake. Mama yangu, afande! Mtu ambaye hata kuku wa jirani akitaga kwetu analirudisha yai!"

Habari ya bima hiyo Zacharia aliijua, kwani chama chao cha Wakenya wa kaunti moja waliokuwa Saudia kiliizungumzia mwaka mzima. Kaunti yao ilikuwa imeanza kujaribu jambo jipya: fedha za bima ya afya ya umma zisiishie kwenye dawa na kitanda. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda angeletewa kapu la chakula kinachomfaa, angetengenezewa paa linalovuja, na angepewa gari la kumpeleka kliniki na kumrudisha, safari ishirini na nne kwa mwaka. Daktari aliyelianzisha alisema ni upuuzi kumfunga mtu bandeji safi kisha kumwacha arudi kwa miguu kwenye matope.

Na kwa kuwa wagonjwa wengi walilipiwa bima na watoto walio Saudia, kaunti ilikipa chama kazi mbili: kumwagizia mgonjwa gari, na kuthibitisha kwa barua pepe kwamba safari imefanyika.

"Mama amepanda gari hilo mara ngapi?"

"Hata mara moja! Chakula kinaletwa, mabati wameweka. Gari tuliambiwa bado halijaanza, tungoje. Mama akapelekwa zahanati na pikipiki mara mbili, ya pili wakaanguka, kidonda kikafunguka. Juzi kaka Solomon amekwenda ofisi ya bima kuuliza, akaambiwa safari zote ishirini na nne zimekwisha na mama hajaonekana kliniki hata siku moja. Kwa hiyo ameziuza. Kadi wakafunga hapo hapo."

"Mlipie taksi."

"Nimlipie aende wapi? Bila kadi ile kliniki ya vidonda ya hospitali kubwa haimpokei. Na daktari wa zahanati amesema mwisho ni Jumatano. Ikipita Jumatano, si vidole tena. Ni mguu."

Juu, dirisha la ghorofa ya tatu lilifunguka na sauti ya mwajiri wake ikaita, "Jerusha! Yalla!" Msichana alisimama. Hakuomba kitu kingine. Alimtazama tu, kisha akapanda ngazi na mfuko wake wa taka, ambao alisahau kuutupa.

"Ah!" Zacharia alimwambia paka aliyelala chini ya gari. "Ah, mimi na mdomo wangu!"

Saa tano kasoro alikuwa amempigia Solomon, kakake Jerusha, aliyebaki nyumbani na mama.

"Solomon, nijibu kama mtu mzima. Umetumia safari za mamako?"

"Heh! Na wewe umeanza? Jerusha amenitukana kwenye simu mpaka chaji ikaisha."

"Jibu."

"Sijatumia, mzee. Hilo gari sijawahi hata kuliguza. Ningekuwa nalo si ningempeleka mama kwanza? Mimi ndiye ninayemwosha huo mguu. Wewe unajua harufu yake? Jerusha yuko huko kwa viyoyozi."

Zacharia alimsikiliza jinsi alivyokasirika. Katika kazi yake ya zamani aliona wezi wengi, na wezi hukasirikia swali. Huyu alikasirikia mguu.

"Ofisini walikupa karatasi yoyote?"

"Walinipa orodha."

"Ipige picha. Ukurasa mzima, si kidole chako."

Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole. Ya tatu ilisomeka. Orodha ilikuwa na safu tatu: *Tarehe ya uthibitisho*, *Jina la mgonjwa* na *Msindikizaji*. Jina lilikuwa lile lile mara ishirini na nne. Safu ya msindikizaji, ambamo mgonjwa angeweza kuandikisha mtu mmoja wa kwenda naye, ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini. Tarehe zilianza Mei 3 na kuishia Julai 24.

Zacharia alichukua kalenda iliyoning'inia kibandani akaanza kutia alama kwa kalamu. Mei 3, Jumanne. Mei 8, Jumapili. Mei 10, Jumanne. Mei 15, Jumapili. Aliendelea hivyo hadi Julai na hakukuta siku nyingine. Jumanne na Jumapili, Jumanne na Jumapili. Kisha akafika Julai 10, Jumapili, akasita. Tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa mara tatu, na wiki iliyoitangulia haikuwa na kitu.

"Mama mwenye kidonda," alisema kwa sauti, "amepelekwa kliniki mara tatu Jumapili moja. Na mtu kule ofisini ameisoma hii karatasi, akaona ni sawa."

Alimpigia Solomon tena. "Kliniki ya vidonda hufunguliwa Jumapili?"

"Jumapili? Mzee, Jumapili hata mlinzi hayuko. Na Jumapili sisi tuko Jeshi la Wokovu. Mimi ndiye wa ngoma. Mama haendi siku hizi, wanakuja kumwombea nyumbani."

"Basi acha ngoma, unitafutie dereva wa hilo gari la bima. Jina na sauti yake. Leo."

"Leo kuna mvua huku."

"Solomon!"

"Sawa, sawa."

Zamu yake iliisha saa tisa. Saa kumi alasiri alikuwa sokoni Batha, katikati ya umati wa Ijumaa, mbele ya duka la Mhindi wa Kerala anayeuza unga wa mahindi na sukuma wiki iliyonyauka. Rosebellah alikuwa hapo, kama kila Ijumaa. Alikuwa mwenyekiti wa chama, mama wa miaka hamsini anayepikia familia moja upande wa kaskazini wa mji, na alikuwa akibishania bei ya maharagwe.

"Afande! Umekuja kunishika?"

"Inategemea," alisema Zacharia. "Nani alitangaza kwenye group kwamba magari ya bima hayajaanza?"

"Mimi."

"Nani mwenye nywila ya barua pepe ya chama? Ile ya kuagiza magari na kuthibitisha."

"Mimi." Rosebellah alirudisha maharagwe mezani. "Na Danson wa Jeddah. Sisi wawili. Mbona unaniuliza kwa sauti ya mahakama?"

Alimwonyesha orodha. Mama yule aliisoma polepole, midomo ikitikisika, na alipofika chini uso ulikuwa umebadilika.

"Hannah? Huyu wa Jerusha?"

"Ndiyo. Mtu mwenye nywila hiyo ameagiza gari mara ishirini na nne kwa jina lake. Mlikuwa wawili. Wewe ndiwe uliyewaambia watu wangoje."

"Kwa hiyo mimi mwizi." Aliweka mikono kiunoni, na Mkerala akarudi nyuma ya kaunta yake. "Mimi, Rosebellah, niliyezika watu wenu sita kwa kuchangisha! Mimi nakula miguu ya wagonjwa! Zacharia, jua limekuchoma kichwa."

"Nionyeshe simu."

"Shika! Chukua na roho!"

Alipekua. Tangazo lilikuwepo, la Aprili 29, lakini juu yake palikuwa na alama kwamba limetumwa kutoka kwa mtu mwingine.

"Ulilitoa wapi?"

"Alinitumia Danson, nikaliweka kwenye group. Yeye ndiye wa karatasi, mimi ni wa mdomo tu. Na usianze na Danson. Mtoto wa mwalimu, yule. Hawezi kuiba hata chumvi."

"Ulikuwa wapi Jumapili, tarehe kumi Julai?"

Rosebellah alicheka, kicheko kisicho na raha. "Jumapili? Nilikuwa jikoni. Na hii simu ilikuwa kwenye droo ya madam. Anaifungia Ijumaa jioni nikirudi, ananipa Ijumaa inayofuata asubuhi. Mwaka wa tatu sasa. Muulize mtu yeyote: ukinitumia ujumbe Jumamosi, nitakujibu lini?"

Zacharia hakuhitaji kumuuliza mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amengoja majibu ya Rosebellah siku sita sita mara nyingi na kulaani. Alitazama orodha tena. Kama mama huyu angekuwa mwizi, angeiba Ijumaa tu. Na katika tarehe zote zile hapakuwa na Ijumaa hata moja.

"Samahani, mama."

"Samahani yako ninunulie maharagwe kilo mbili," alisema Rosebellah. "Na umtafute huyo mtu. Nikimpata kabla yako hutamkuta na masikio."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, sauti ya dereva ilifika, na nyuma yake mvua ikipiga mabati.

"Habari ya huko Uarabuni. Jina langu ni Vincent, nina gari la bima. Huyu Solomon ananishikashika shati eti nimeiba safari. Mimi sijaiba, bosi. Nabeba mgonjwa Jumanne na Ijumaa, kila wiki, tangu mwezi wa tano. Ni mzee. Namtoa kule juu Shirumba, namshusha hospitali kubwa, namngoja saa nne nzima akisafishwa damu, namrudisha. Ndiyo, agizo linasema Hannah. Nilidhani ni bintiye aliyeandikisha. Jina la mzee silijui. Huku kila mtu anamwita Mwalimu, hata mimi namwita Mwalimu. Huyu Solomon simjui kwa gari, namjua kwa ngoma. Mwambieni aachilie shati."

Zacharia aliisikiliza mara mbili, kisha akaketi akiwaza hata akasahau kumfungulia lango mpangaji wa ghorofa ya kwanza, ambaye alipiga honi mpaka akachoka.

Jumanne na Ijumaa, alisema dereva. Jumanne na Jumapili, ilisema orodha. Mmoja wao anadanganya? Alisoma tena maneno yaliyo juu ya ile safu ya kwanza, ambayo jana aliyapita mbio kama mtu anayepita bango la barabarani. *Tarehe ya uthibitisho.* Haikuwa siku ya safari. Ilikuwa siku ambayo mtu alituma barua pepe.

Kwa hiyo mzee alibebwa Jumanne, na mtu akathibitisha Jumanne. Mzee akabebwa Ijumaa, na mtu huyo akangoja mpaka Jumapili. Nyumbani Kenya nani huacha karatasi za Ijumaa mpaka Jumapili? Hakuna. Kule wangefanya Ijumaa ile ile, au Jumatatu. Mtu ambaye wiki yake huanza Jumapili yuko huku. Tena si mpishi wala dereva wala haris, kwa sababu hao Ijumaa ndiyo nafasi yao pekee, kama wanayo. Ni mtu wa ofisi, mwenye meza, anayefunga Alhamisi na kufungua Jumapili.

Na ile wiki tupu? Alifunua kalenda. Eid ilikuwa Julai 6. Ofisi zilifungwa tangu tarehe 1 hadi tarehe 9. Gari halikujua Eid. Lilimbeba mzee Julai 1, Julai 5 na Julai 8, na mtu wa ofisi aliporudi kwenye meza yake tarehe 10 alizituma zote tatu kwa mpigo.

"Mtoto wa mwalimu," alisema Zacharia. Hakufurahi hata kidogo. Danson alikuwa mtu aliyemwandikia kila mmoja wao barua za kazi bila kuomba hata soda.

Alimpigia Titus, mlinzi wa jengo la jirani. "Nishikie geti mpaka Jumatatu."

"Unaenda wapi?"

"Jeddah."

"Kufanya?"

"Kufungua kadi ya mama ya mtu ambaye si mamangu," alifoka Zacharia, "kwa pesa ya nauli ambayo si ya mtu mwingine ila yangu. Una swali lingine?"

Titus alikuja kuchukua funguo za geti.

Basi lilimtua Jeddah Jumapili asubuhi, mgongo ukiwa umekakamaa kama ubao. Saa tano kasoro robo alikuwa kwenye ofisi ya kampuni ya kupakua mizigo, ng'ambo ya barabara kutoka lango la bandari. Hewa ilinata kama uji. Ndani, nyuma ya meza iliyojaa karatasi za makontena, alikuwa ameketi kijana wa miaka thelathini na tano hivi, shati limepigwa pasi, ikama, kitambulisho chake cha ukaazi, imening'inia shingoni.

"Afande Zacharia!" Danson aliinuka, furaha na hofu zikigombania uso wake. "Mbona hukusema unakuja? Twende Balad tukanywe chai, nitamwomba bosi—"

"Leo ni siku gani, Danson?"

"Jumapili."

"Na uko kazini."

"Si ndiyo kawaida?"

"Ndiyo. Kawaida." Zacharia alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Ijumaa wiki hii gari lilimbeba mtu?"

"Gari gani?"

"Safari zilikuwa zimeisha, kwa hiyo naona halikumbeba. Nauliza tu kwa sababu mngoja karatasi za Ijumaa huzituma leo."

Danson aliketi. Alipanga kalamu mbili ziwe sambamba.

"Sijui unaongea nini."

"Nitakusaidia." Aliiweka orodha juu ya meza. "Jumanne hizi ulizituma siku ile ile. Hizi za Jumapili ni za Ijumaa, ofisi ilikuwa imefungwa. Hizi tatu za Julai 10 ni za likizo ya Eid. Kalenda yenu hiyo ukutani imepigwa mstari mwekundu tarehe 1 mpaka 9, nimeiona nikiingia. Wenye nywila mko wawili. Mwenzako simu yake hulala kwenye droo ya madam mpaka Ijumaa, na humu hamna Ijumaa. Endelea wewe."

"Labda mtu ameiba nywila."

"Labda. Mtu huyo anamjua Mwalimu wa Shirumba?"

Nje, lori la bandari lilipiga breki. Danson alivua miwani, na bila miwani alionekana kama kijana wa shule.

"Figo za Baba zilikufa mwaka jana," alisema hatimaye. "Zote mbili. Kusafishwa damu bima inalipa. Lakini kutoka Shirumba mpaka hospitali ni kilomita arobaini, mara mbili kwa wiki, na akitoka pale hawezi hata kusimama. Niliandika barua kwa ofisi ya bima. Mara tatu, afande. Wakanijibu kwamba majaribio ya magari ni ya vidonda vya kisukari tu. Figo haimo kwenye orodha. Pikipiki ilimwangusha Machi. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne amelala kwenye mtaro, watu wanapita."

"Kwa hiyo ukachagua mguu wa Hannah."

"Sikuchagua mguu! Nilichagua njia. Yeye anakaa kwenye barabara ile ile. Kilomita zingelingana kidogo, wasingeuliza. Nilijiambia ni miezi miwili tu, mpaka Baba apate ruhusa. Nilisikia kidonda chake ni kidogo."

"Ulisikia kwa nani? Ulimuuliza Jerusha?"

Danson alizipanga upya zile kalamu mbili.

"Uliwatangazia watu kwamba magari hayajaanza, ili yule mama asidai lake. Sasa kadi imefungwa, anaitwa mwizi, na Jumatano wanamkata mguu. Si kidole. Mguu. Mtoto wake anashusha taka tupu ili apate dakika mbili za kulia getini kwangu."

"Mungu wangu," alisema Danson. "Sikujua wamefunga. Nilidhani zikiisha zimeisha tu."

Hasira iliyokuwa imempanda Zacharia tangu Riyadh ilifika mahali pake. Haikuwa ya wizi. Wizi alikuwa ameuzoea.

"Soma hapa," alisema, akaweka kidole kwenye safu ya tatu. "Kwa sauti."

"Msindikizaji."

"Ni nini hicho?"

"Mgonjwa ana haki ya kwenda na mtu mmoja..."

"Mtu mmoja. Yeyote. Hawaulizi ana figo au hana. Gari la viti vitano, Danson! Limepita mbele ya lango la yule mama mara arobaini na nane, kwenda na kurudi, likiwa na mzee mmoja nyuma na viti vitupu. Ungempigia Jerusha simu moja. 'Dada, baba yangu anaumwa, mamako anaenda hospitali ile ile, naomba amsindikize.' Yule msichana angekataa? Mamake angekataa? Wewe ndiwe unayetujazia fomu sisi sote. Umeliacha sanduku hili tupu mara ishirini na nne!"

"Niliona aibu," Danson alisema, polepole sana.

"Aibu!"

"Kila mtu hunijia mimi kuomba. Sikujua naanzaje kuomba mimi."

Zacharia alitaka kupiga meza. Badala yake alisogeza kibodi ya kompyuta mbele ya kijana. "Andika. Jina lako, ulichofanya, tarehe zote, na kwamba Hannah hakujua lolote. Wapelekee ofisi ya bima, na nakala kwa daktari aliyeanzisha mpango, na nakala kwa Rosebellah. Ukimaliza umpigie Jerusha mwenyewe."

"Nikirudi nyumbani watanishtaki."

"Pengine. Hilo ni lako na lao. Mimi nimefuata kadi."

Barua iliondoka saa sita na dakika tano. Ilikuwa barua nzuri sana, na hilo lilimuudhi Zacharia zaidi. Alipotoka hakusubiri chai ya Balad. Danson alimfuata hadi mlangoni na kuuliza jambo moja tu: "Na Baba? Jumanne?"

"Sijui," alisema Zacharia. Alikuwa hajui kweli, na lilimkaa kifuani safari nzima ya kurudi.

Kadi ilifunguliwa Jumanne saa tisa alasiri, baada ya Solomon kushinda nje ya ofisi ya bima siku mbili, na, kwa maelezo yake mwenyewe, kuipiga ngoma yake mlangoni pao. Safari zote ishirini na nne alirudishiwa mamake. Jumatano, Agosti 3, Hannah alipelekwa na Vincent. Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki.

Ijumaa iliyofuata Jerusha alishuka na mfuko wa taka uliojaa kweli. Aliuweka chini, akabonyeza simu, na sauti ya mama mmoja ikatoka, nzito, yenye kikohozi.

"Jerusha, mwanangu, mimi mzima. Mwambie huyo polisi wenu Mungu ambariki. Na huyo kijana wa karatasi, nimesikia, alinipigia akilia. Nimemwambia kosa ni kosa, ajibu kwa serikali, lakini baba ya mtu asiachwe nyumbani bila gari. Daktari aliniuliza kliniki nataka siku gani, nikamwambia Jumanne na Ijumaa. Solomon ameandika jina la mzee pale pa msindikizaji. Mzee mwenyewe ametuma salamu, eti anaona haya kupanda. Haya ya nini? Yule mwalimu alinifundisha darasa la tatu, alinichapa wiki nzima kwa sababu ya kuchelewa. Mwambieni nitamngoja langoni saa moja kamili. Na asichelewe."

Jerusha alicheka huku akifuta macho. Zacharia aligeuka kumtazama paka.

"Asante, afande."

"Mimi si afande," alisema. "Na ule mfuko unanuka, uutoe hapo."

Simu yake ilianza kulia. Namba ilikuwa ya Dammam. Aliitazama mpaka ikakatika, na ilipolia tena akashusha pumzi ndefu, akaipokea.

"Haya," alisema. "Huyo mbuzi alikuwa wa rangi gani?"